Deni

Mwanga chini ya mlango wa Gintarė
ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea.
Nilipoamka saa nane za usiku kwenda msalani
niliukanyaga kwa soksi, nikapita.
Saa kumi vidole vyake vingali vinadonoa:
anaandika yale maneno yapitayo chini ya filamu za watu,
vilio vya Kireno, matusi ya Kidenishi,
malipo kwa dakika, na dakika ni za filamu, si zake.

"Ya leo nitailala Jumapili," husema,
kama mtu amwambiaye mwenye duka: andika daftarini.
Na Jumapili alilala hadi jua la Kaunas,
ambalo Novemba huja kusalimu tu, lilipokwisha kuaga.
Akaamka uso umevimba, akatangaza deni limekwisha.

Dawa ya deni ni kulipa, sawa.
Ila nani kati yetu aliwahi kuuliza
kama usingizi hupokea malipo ya mkupuo?

Miaka thelathini na mmoja.
Alipanda ngazi za Aleksotas bila kuhema.
Sigara hakuvuta ila harusini.
Na kiharusi, kwa masikio yangu, kilikuwa kama harusi ndogo ya wazee,
ya shangazi Birutė na mkongojo wake,
sisi hatukupewa kadi.

Jumanne, jikoni. Chupa ya maziwa mgando
ikamponyoka mkono wa kulia. Akaitazama.
Akaniambia, "Funga kijiko, baridi inaingia."

Nilicheka.

Nikamwambia nenda kalale, we mtu,
nikafuta maziwa sakafuni kwanza, kwa matambara mawili,
nikayakamua, nikayaanika,
na nilipoinua macho nusu ya uso wake ilikuwa imeshuka
kama pazia lililochomoka kulabu upande mmoja.

"Dakika ngapi?" aliuliza mtu wa gari la wagonjwa.
Nilihesabu kwa maziwa. Nikasema tisa.

Daktari alikuwa rika letu, macho mekundu kama yetu.
Aliuliza presha, vidonge, ukoo, moyo.
Kisha: "Hulala saa ngapi?"
"Usiku upi?" nikajibu mimi.
Akaandika. Hakusema hiyo ndiyo sababu.
Alisema mshipa hauzibwi na usiku mmoja,
yako mengi, na mengine hatutayajua,
"ila mwili una mfagiaji wake wa zamu ya usiku,
na ninyi kila akija mnamfukuza mlangoni."
Akapiga mwayo, akauficha nyuma ya faili.

Siku hizi anajifunza majina ya vitu.
Mkate ameupata. Chumvi, siku nyingine.
Dirisha bado: hugusa kioo, hungoja neno
kama tunavyongoja basi la umeme wakati wa theluji,
taa zinaonekana kule kwenye kona, lenyewe halifiki.

Uzi wa mwanga haupo tena chini ya mlango wake.
Sasa ni mimi nisiyepata hata lepe.
Nalala sikio ukutani, nazihesabu pumzi zake;
akikoroma nashukuru, akinyamaza nakaa kitako.
Na kwa kuwa nimekaa, naishika simu.
Na kwa kuwa nimeishika, kunakucha.

Juzi, saa tisa, nikasikia mguu ukiburutwa kwenye ujia.
Mlango ukafunguka. Alisimama pale,
mkono wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto
kama kifaranga kilichookotwa barabarani,
akaitazama ile buluu iliyonimulika usoni.
Mdomo wake ukaanza kazi,
upande mzima ukiuvuta upande mwingine.

"La," alisema.
Nikadhani ananikatalia kitu.
"La." Akakasirika. Jasho likamtoka puani.
Akaja hadi kitandani, akaipokonya simu,
akailaza kifudifudi juu ya kiti,
akavuta pumzi, akaikamilisha:

"La.
La."